Boti ya mbao isingoje izame ndipo iandikwe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji. Gazeti lako nalisoma mara mbili: kwanza kwa macho, halafu kwa mkasi, maana likishasomwa nalikata kuwa vipimo vya shingo, mikono na mabega. Majuzi nilikuwa nakata mkono wa gauni la harusi, nikaona mkasi umepasua katikati habari ya boti ya mbao. Boti yenyewe ilikuwa imezama. Nikainama chini ya meza ninakoweka marundo ya zamani, nikatafuta. Habari za siasa, za mpira na za bei ya mahindi zimejaa tele. Za boti za mbao nilizipata chache, na kila moja ilikuwa ya kuzama.

Sikulaumu kwa kuziandika. Watu wakifa ziwani lazima iandikwe, na huku kwetu ni nadra nyumba isiyo na jina la mtu aliyemezwa na maji. Ila nimekaa na ule mkono wa gauni mapajani nikajiuliza: mtoto wa Dodoma anayelijua Ziwa Tanganyika kwa kusoma tu, boti ya mbao ataijuaje? Ataijua kama jeneza lenye injini. Ndiyo maana nakuomba nafasi leo nieleze boti moja ambayo haijazama.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa boti. Alikuwa akigonga ubao kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha anautupa pembeni au anauweka, bila kueleza. Wanawe wa kiume wangepewa tezo, kishoka cha kuchongea mbao, alisema, lakini mimi mtoto wa kike nilipewa pamba. Kazi yangu ilikuwa kusokota pamba kuwa kamba nyembamba, kuiloweka kwenye mawese, na kumpa Baba aisindilie kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo. Kukalafati, basi. Harufu ya mawese na mbao mbichi hainitoki. Nilipokua alininunulia cherehani, akasema mikono yangu imekwisha jua mshono tangu zamani.

Tezo yake iko kwa mwanafunzi wake wa mwisho, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi tu, nami nitamwita hivyohivyo.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa. Utakumbuka: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti hakuna kuvua, samaki wapate kuzaliana. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa ile hatua, wavuvi wamekwisha kuujadili wenyewe. Nasema yaliyotokea uwanjani kwetu. Mvuvi asiye na pesa haagizi boti, wala mkewe hashoni gauni. Fundi alikuwa akija dukani kwangu asubuhi, anakaa kwenye benchi la wateja kwa kuwa wateja hawapo, tunakunywa kahawa, tunatazama barabara. Wiki ya pili nikamwambia: kule nyuma ya nyumba kuna boti kuukuu ya Baba, imeoza tumbo, lakini mbao za ubavuni ni mvule mtupu. Unaonaje tukatoa ndani yake boti ndogo?

Akauliza ya nani. Nikasema yangu. Akauliza ya kazi gani. Nikasema ya kutembelea.

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Lakini fundi akipewa mvule wa miaka arobaini hawezi kuuacha ukae. Kesho yake alikuja na tezo. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, akauchonga upya, mataruma, mbavu zake, akayafanya ya mninga, na ubavu ukavaa mbao za Baba, baadhi bado zina matundu ya misumari yake tuliyoyaziba. Urefu futi 16, upana futi 5 na kitu. Kwa boti za huku hicho ni kitoto. Mtu wa dagaa angekitumia kufuatia boti yake iliyotia nanga. Pamba nilisokota mwenyewe, na mawese nikanunua sokoni, na jirani aliyesikia harufu akapiga hodi akidhani kuna maandazi.

Injini sikutaka. Nilitaka tanga, na tanga ndilo lililoniumiza kichwa, maana siku hizi hapa kwetu ni makasia na mashine tu. Tanga ukiliona ni turubai limefungwa kwenye mti ili kuokoa mafuta. Fundi aliwahi kuona yakikatwa akiwa mtoto, mimi sijawahi. Nikanunua jora la marekani. Nililichagua kwa sababu mbili, moja ikiwa bei, na nyingine ni kwamba kitambaa hicho kilikuwa mojawapo ya pesa za Ujiji enzi za misafara. Kwa mikono kadhaa ya marekani ulipata chakula, wapagazi, hata mtumbwi. Nikalitandaza dukani sakafuni, likavuka mlango likafika barazani.

Hapo ndipo alipoingia mgeni, mzee wa Kiingereza aliyekuwa akisubiri boti ya kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, mkanda wa begi lake umekatika. Alisimama mlangoni asijue pa kukanyaga. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini akanyosha kidole kwenye tanga, akafanya mkono wake kuwa mashua na kuupepea hewani. Mtoto wa kaka yangu, ambaye Kiingereza anakijua, akatufasiria. Mhariri, mzee yule alikaa saa tatu, na begi lenyewe lilikuwa kazi ya dakika kumi.

Alinieleza habari ninayotaka uisome vizuri kwa sababu inawahusu watu wa kazi yako. Mwaka 1962 kule Uingereza, gazeti la Daily Mirror liliamua wasomaji wake wa kawaida, makarani na makondakta wa basi, wawe na mashua. Mabwana wawili, Jack Holt na Barry Bucknell, wakabuni moja ya plaiwudi, urefu futi 11 kasoro kidogo. Msomaji aliuziwa vipande vilivyokwisha katwa. Nyumbani anatoboa vitundu ukingoni, anavifunga vipande kwa waya wa shaba, kitundu kwa kitundu, mpaka mashua inasimama yenyewe. Kisha anapaka gundi na utepe wa faiba juu ya mishono. Matanga yake yalikuwa mekundu. Yule mzee aliijenga na baba yake, na ukumbini kwao, kwani gereji hawakuwa nayo. Zimejengwa zaidi ya 70,000 duniani.

Mimi katika yote hayo nilisikia neno moja. Imeshonwa? Nikamwambia mtoto aulize tena. Ndiyo, Shangazi, anasema imeshonwa.

Basi kumbe na wao. Maana sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa na mtepe, mashua ya pwani, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake ni mkeka. Mitepe ya mwisho ilitoweka mwanzoni mwa karne iliyopita. Baba alikuwa akiisimulia kwa wivu, yeye fundi wa misumari. Alisema mashua iliyoshonwa ikipigwa mchangani inajinyonganyonga tu na kunyanyuka, ya misumari inapasuka. Nilimweleza mzee, naye akaandika neno "mtepe" kwenye daftari lake kwa herufi kubwa.

Kisha akanipa mengine ambayo nayapitisha haraka. Kwamba kuna miji, Hobart kule Australia na Port Townsend kule Marekani, ambako watu hukusanyika kwenye tamasha kutazama mashua za mbao tu, wanazipapasa ubavu kama watu wanaonunua ng'ombe. Kwamba Mwingereza mmoja, Frank Dye, mwaka 1963 alitoka Scotland akafika Iceland kwa mashua isiyo na sitaha, fupi kidogo kuliko hii yangu, na mwaka uliofuata akaenda Norway, akapinduliwa na dhoruba na kuvunjikiwa mlingoti njiani, na bado akafika. Hilo la mwisho silisifu. Mtu anayeifuata dhoruba kwa miguu yake, huku kwetu anafanyiwa dua. Lakini nilielewa kuwa mimi si mwehu peke yangu.

Boti tukaiita Sina Haraka. Tukaishusha majini mwishoni mwa Julai, na Jumamosi tarehe 3 Agosti 2024 alfajiri tukaondoka Ujiji: Fundi kwenye usukani, mimi kwenye demani, kamba ya kuongozea tanga, mtoto wa kaka mbele na kata ya kutolea maji. Jaketi okozi tatu, kila mtu lake mwilini, na lilikuwa sharti langu. Chapati, ndizi, mahindi ya kuchemsha, chai kwenye chupa. Utabiri tuliuangalia. Kusi ilikuwa inavuma ya wastani, na Agosti kusi humsukuma mtu kaskazini bila yeye kutoa jasho.

Nitakueleza nini, Mhariri? Kwa mashine ukitoka Ujiji kwenda Mtanga unasikia mashine. Sisi tulisikia maji yakipita chini ya ubao, sauti kama ya kitambaa kinachochanwa taratibu. Tulisikia jogoo wa nchi kavu. Tulipozunguka rasi ya Bangwe wimbi likawa fupi na kali, lile la ziwa letu lisilokupa nafasi ya kuvuta pumzi, na mtoto wa kaka akakumbuka ghafla kwamba ana bodaboda ya kuendesha mjini. Nami moyo ulinipiga, sitakudanganya. Chini yetu kuna kina ambacho mahali pengine kinafika mita 1,470. Fundi akasema maji yanayozamisha mtu ni yale mita mbili za juu, hayo mengine ya chini usiyahesabu.

Ghuba ya Kigoma ilipofunguka tukaiona bandari kwa mbali. Kila mgeni akifika anasimuliwa Liemba, meli iliyokuja na Wajerumani kwa vipande, ikaunganishwa hapa, ikazamishwa na wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Sawa, nayo ni mama yetu. Ila Fundi hapendi sifa za chuma. Akasema wale waliowatoa jasho Wajerumani ziwa hili, Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa na viboti viwili vya mbao, vya mahogani, futi 40 kila kimoja. Ni kweli. Waingereza walivikokota kutoka Cape Town kwa reli, kwa trekta za mvuke na kwa ng'ombe mpaka ng'ambo ya Kongo, na tarehe 26 Desemba 1915 vikaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Viliitwa Mimi na Toutou, Kifaransa cha watoto cha paka na mbwa, kwa sababu mkuu wao aliomba viitwe Paka na Mbwa kabisa, wakubwa wakakataa. Mtoto wa kaka alidhani "Mimi" ni Kiswahili, akasema hilo ndilo jina tungeipa yetu.

Mbele ya Kibirizi boti ya doria ikatusimamisha. Haki yao, ziwa limefungwa. Wakatafuta nyavu chini ya tanga, wakakuta chapati. "Mnakwenda wapi, Mama?" Nikasema Mtanga, pengine Mwamgongo. "Kuna msiba?" Hapana. "Biashara?" Hapana. "Sasa?" Fundi akajibu, kutembea. Wakatazamana. Mmoja akazima mashine yao kabisa, akauliza tanga nililishona kwa cherehani gani, na kama boti haiyumbi, na mvule tulipata wapi. Tulielea pale ubavu kwa ubavu kitambo kizuri, wakala chapati mbili. Tulipoachana yule kijana alibaki amesimama akitutazama mpaka tukawa wadogo.

Usiku tulilala Mtanga kwa ndugu wa Fundi. Hapa ndipo natamani kalamu yangu ingekuwa bora. Wewe umewahi kuliona ziwa usiku wa giza la mwezi, taa za dagaa zimetanda kama mji mwingine? Usiku ule hazikuwapo. Mwezi haupo, taa hazipo, wavuvi wako majumbani. Nilitoka nje saa nane nikakuta nyota zimeshuka mpaka majini, hujui ziwa linaishia wapi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuliona ziwa tupu. Nilikaa mchangani karibu na boti mpaka baridi ikanirudisha ndani, na ndani kulikuwa na mende, nikaziba masikio kwa kanga, kwa kumkumbuka yule mzungu mpelelezi, Speke. Alifika Ujiji na mwenzake mwaka 1858, akavuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kumbembeleza Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi. Njiani usiku mdudu akamwingia sikioni, akajichokoa kwa kisu, akawa kiziwi wa sikio lile. Na jahazi hakulipata.

Jumapili tukapita mbele ya Gombe. Hatukushuka, hifadhi ina taratibu zake na kiingilio, ila pwani inaonekana yote. Nyani walikuwa ufukweni wakipekua mawe. Sokwe hatukuwaona. Hakuna barabara ya kufika pale mpaka leo, ni boti tu, na ndivyo alivyofika Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, Julai 1960, msichana wa miaka 26. Alikuja na mama yake mzazi, kwani wakubwa wa wakati ule hawakukubali binti akae porini peke yake. Na mimi kwetu walinikubalia kwa sharti la mtoto wa kaka.

Jumatatu kurudi ndipo nilipopata aibu yangu. Kusi sasa iko usoni. Tuliamka saa tisa usiku tukapiga makasia ziwa likiwa limelala, na kulipokucha ukaja upepo mwanana wa kutoka milimani, tukapandisha tanga, tukacheka. Karibu na Kalalangabo upepo ukapiga pigo moja la ghafla. Nikasikia mlio ninaoujua kuliko mtu yeyote katika boti ile. Mshono umeachia, kutoka foromali, ule mti unaobeba tanga, hadi katikati.

Ni kosa langu. Nililishona tanga kwa mshono wa gauni, bapa kwa bapa, mstari mmoja, nikapinda ukingo nikaridhika. Tanga linataka mshono wa suruali ya jinzi: unakunja pindo moja ndani ya lingine, unapiga mistari miwili. Naujua huo tangu nikiwa msichana! Nilibana kitambaa, basi. Nilitaka jora litoshe libaki na la kushonea mito.

Tukapiga makasia mpaka Kalalangabo. Chanja za kuanikia dagaa zilikuwa tupu, na wanawake wenye chanja hizo hawakuwa na la kufanya, kwa hiyo tanga langu likawa sherehe. Mmoja akaleta nyuzi za kushonea nyavu, mwingine sindano ya nyavu. Bibi mmoja mkongwe akaushika ule mshono, akaugeuza, akanitazama, akauliza nimefunzwa ushonaji na nani. Nikasema nimejifunza mwenyewe. Sikuweza kumtaja Baba. Tulikaa sita kuzunguka kile kitambaa tukashona kwa mkono mpaka adhuhuri, na hadithi nilizozisikia pale za waume, mawimbi na boti zilizoolewa na matajiri, zingekujazia kurasa mbili. Jioni tuliingia Ujiji na mshono mnene kama kovu katikati ya tanga. Sijaubadilisha.

Tangu hapo tumekwisha kwenda mara nyingi, safari nyingine ni saa mbili tu baada ya kufunga duka. Mtoto wa kaka sasa anajua kukalafati, na anauliza Fundi tezo ile atamwachia nani. Ninajua serikali inawakopesha wavuvi boti za faiba, na mvuvi ana sababu zake za kuzipenda, haziozi. Sigombani na faiba. Lakini Fundi ana umri wa miaka 67, mvule umekuwa bei ya dhahabu, na ufukweni kwetu mafundi waliobaki nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja wenye kidole kilichokatwa na msumeno.

Ombi langu basi. Tuma mwandishi, siku ambayo hakuna aliyezama. Aandike jinsi mkuku unavyochongwa, jinsi pamba inavyosindiliwa, nani anaita ubao gani jina gani. Na ukitaka kuiga lile gazeti la Waingereza, chapisha vipimo vya kaboti kadogo ukurasa mzima, vijana wa Mwanga na Gungu wavikate. Karatasi yako inakata vizuri, mimi shahidi.

Mwishoni mwa Septemba kusi ikipungua tunakwenda upande wa kusini, mdomo wa Malagarasi, ilikozamishwa Liemba, kisha tuangalie kama tunafika Ilagala. Nafasi ya mtu mmoja ipo, na jaketi okozi la nne nimekwisha nunua. Mwandishi wako alete kofia na shati la mikono mirefu, na umweleze mapema kwamba anayekaa mbele ndiye anayetoa maji.

Fundi cherehani,
Ujiji, Kigoma
(Jina na namba yangu ya simu nimeviandika kwenye bahasha)